Maiti ya Gunia

Jumamosi ile Arlène alitoka uani na ndoo ya maji akamkuta mama mkwe wake amevaa. Na si kuvaa kwa kwenda kugonga mlango wa jirani. Alivaa kitenge kizima juu na chini, kilemba cha nguo ileile, na viatu vya kufunga ambavyo havikuwa vimeonekana tangu Pasaka. Mkoba ulikuwa pajani. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango kama mtu aliyekwisha kufika aendako na sasa anawangoja wengine.

"Leo tunaenda wote mu Lilongwe," akasema. "Nataka nione hiyo kaunjika unauzaka."

Ndoo haikuanguka. Mikono ya Arlène ilikuwa na akili kuliko roho yake, maana roho ilikwisha kushuka hadi kwenye nyayo. Kaunjika ni nguo za mitumba, na kwa miezi kadhaa Arlène alikuwa akiaga nyumbani, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwamba anakwenda kuziuza soko la Biwi. Kweli aliwahi kuziuza, zamani kidogo. Lakini siku hizi akishuka kwenye minibasi mjini hakwenda sokoni. Alikwenda kwenye ukumbi wa zamani wa shule, upande wa Kawale, kuimba. Na siku aliyoichagua mama mkwe huyo, Mama Asani, kutoka nyumbani ndiyo siku ya onyesho lenyewe, saa nane mchana.

Kuimba si dhambi, utasema. Arlène ndiye sauti ya kwanza ya kwaya yao, na hakuna mtu wa Fizi, kwao Kongo, hapo kambini asiyemjua. Ndiyo, lakini ngoja usikie alichokuwa anaimba.

Kuna mwanamke wa Kimalawi, mtunzi wa muziki, jina lake Tiyamike. Alikulia upande wa Kasungu, na bibi yake alikuwa akimsimulia kwamba zamani kitu kilianguka kutoka angani usiku mmoja, kikachoma nusu ya shamba la tumbaku. Wakubwa wakaja wakasema ni puto la kupimia mvua. Wanakijiji wakasema puto halina milango. Kama ni kweli au ni hadithi za kuwalaza watoto, Tiyamike mwenyewe hakujali. Akatunga opera. Si ile ya majumba makubwa, aliwaeleza, ni opera ya chumbani: waimbaji wanne, ala nne, na watazamaji waketi karibu hadi wasikie mwimbaji anavyovuta pumzi. Humo ndani mna mwanamke mkulima aliyemkuta mmoja wa walioanguka, akamficha kwenye banda la kukaushia tumbaku. Huyo mgeni anafia mikononi mwake. Mwanamke anataka kumzika, lakini hajui hata anaitwa nani. Basi analia.

Tiyamike alikuja Dzaleka kutafuta sauti, akawachukua wawili: Noël, Mrundi mpiga gitaa mwenye mzaha mwingi, awe ofisa wa serikali, na Arlène awe yule mwanamke. Akamwambia kile kilio hataki kukitunga yeye. Alitaka kile wanacholia kwao.

Hapo ndipo shida ilipoingia nyumbani mwa watu.

Kwa maana kwao Fizi kilio hakiimbwi hewani. Kina mwenyewe. Mlizi anataja jina la marehemu, na la baba yake, na kazi ya mikono yake, halafu ananyamaza, na hapo mwanamke mwingine wa ukoo anaitika. Bila jina ni kelele tu. Siku za kwanza za mazoezi Arlène alijaribu kuimba bila jina, na kilio kikatoka kikavu kama muhogo wa juzi. Aliona aibu, akarudia, kikawa kikavu zaidi. Kisha siku moja, macho yake yakiwa juu ya yule mgeni wa angani aliyeshonwa kwa magunia ya mahindi na waya, akasikia kinywa chake mwenyewe kikisema: Asani. Asani wa Lubunga, fundi wa cherehani, mshonaji wa sare za kwaya.

Asani ni mume wake.

Walipokimbia vita walikuwa pamoja, yeye na Asani na mama yake Asani, na mtoto wao Fidès akiwa bado wa mgongoni. Njiani Asani alisema anarudi mara moja kuchukua kichwa cha cherehani, maana fundi bila cherehani atakula nini ugenini? Hakuonekana tena. Fidès sasa anasoma na anamsahihisha mama yake Kiingereza. Hakuna aliyeleta habari, ya heri wala ya shari. Na Mama Asani aliweka sheria: mwanangu hajafa. Maiti sijaiona, kaburi sijaliona. Walipojenga nyumba yao ya matofali ya udongo alidai chumba kimoja kiwe cha Asani, na kikawa, na wao watatu wakabanana kwenye kile kingine. Mtu akisema "marehemu" mbele yake, hata kwa bahati mbaya, hakurudi kukaribishwa.

Alikuwa na sababu yake, tena sababu nzito. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kumlilia mtu aliye hai ni kumwita kaburini, hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo walivyoamini wengi wa huko kwao. Palikuwa na mwanamke wa Mboko, hapohapo Dzaleka, aliyechoka kungoja akamlilia mume wake. Baadaye ikaja habari kwamba mume amekufa kweli. Shemeji zake wakasema ni mdomo wake uliomuua. Aliondoka na beseni la vyombo kichwani, na watoto wakabaki kwa ukoo wa baba yao, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Arlène alimsaidia kufunga lile beseni. Kwa hiyo alijua vizuri kabisa anachochezea. Alikuwa anachezea Fidès.

Basi kwa nini aliendelea? Kwa sababu siku ile aliyomtaja mume wake alirudi nyumbani mwepesi. Alikuwa amembeba Asani kifuani miaka yote hiyo bila ruhusa ya kumlilia, na kumbe kulikuwa na mahali pa kumshusha, hata kama ni kwenye sakafu ya ukumbi, mbele ya maiti ya gunia. Alimpenda yule mwanamume, na alikuwa amechoka kuishi kama mke wa mtu aliyetoka kidogo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Béatrice, mwenzake wa kwaya, alikwenda mjini wiki iliyopita kununua nyuzi, akapita karibu na ule ukumbi, akasikia sauti anayoijua. Hakusikia maneno yote. Ila kilio alikitambua, na Béatrice akijua jambo, hilo jambo limekwisha kupata miguu.

Njiani Mama Asani hakusema neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Arlène alikaa akiusubiri mshindo huo hadi mjini. Waliposhuka aliamua kufanya ujinga ambao mtu mwenye hofu huuona busara: alimpeleka Biwi, kwenye lundo la nguo la rafiki yake Niyigena, Mnyarwanda aliyekuwa na banda lake sokoni. Akamkonyeza. Niyigena, Mungu ambariki, alielewa nusu, akampisha. Arlène akasimama nyuma ya lundo akaanza kuita wateja kwa Kichewa, akikung'uta mashati, akikunja suruali ambazo hazikuwa zake. Mama Asani alipewa kigoda. Akatazama kwa makini kama mtu anayepima unga.

Jua likapanda. Arlène akauza blauzi moja kwa bei ya kumfilisi Niyigena. Moyoni alikuwa anahesabu: wenzake sasa wanapasha sauti moto, sasa Tiyamike anatazama mlangoni, sasa Noël anafanya mzaha wa kumtuliza. Ikipita saa nane bila yeye kutokea, opera imekufa, na yeye amesalimika. Alianza kuomba ipite.

Mama Asani akainuka, akakung'uta kitenge. "Saa inakupita," akasema. "Béatrice aliniambia ni saa munane. Twende kule kwingine."

Walikwenda kwa miguu, mzee mbele, mkaza mwana nyuma, kama wakwe waliogombana wanavyokwenda. Pale ukumbini palikuwa pamejaa: wanafunzi, walimu, Wazungu wachache, akina mama wa Kawale waliovutwa na habari za kitu kilichoanguka. Mama Asani alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele na kuweka mkoba magotini.

Nyuma ya pazia Arlène alimshika Tiyamike mkono akamwambia kila kitu, kwa Kichewa chake cha sokoni. Aliomba aimbe wimbo wa kanisani badala ya kilio. Tiyamike alimsikiliza, akafuta jasho, akasema hawezi kumchagulia. Aimbe atakachoweza; ala zitamfuata. Ilikuwa kauli ya upole na haikumsaidia hata kidogo. Kuna nyakati mtu anataka kuamrishwa.

Onyesho likaanza. Kitu kilianguka, kwa ngoma na mwanga mwekundu na sauti kali ya violini. Noël aliingia na kofia ya uofisa akaimba kwamba ni puto, ni puto tu, puto la mvua, na watu wakacheka mpaka wakapiga mapaja. Mama Asani hakucheka. Arlène aliimba sehemu zake zote za mwanzo akiwa na sauti yake lakini hayumo ndani yake. Kila alipogeuka alikutana na yale macho mawili. Alimburuta mgeni wa magunia hadi bandani, akamnywesha maji, akamfunika kitenge mgeni alipokata roho. Violini ikanyamaza. Ikabaki bangwe peke yake, kile kinanda cha ubao cha Kimalawi, kikidondosha sauti mojamoja.

Ilikuwa zamu ya kilio.

Alipiga magoti. Mpaka hapo alikuwa hajaamua. Alifumba macho akamwona Fidès akiwa na begi lake la shule, na midomo yake ikaamua kwa niaba yake: jina hatalitaja. Akaanza. "We uliyeanguka mbali na kwenu," akaimba, "we mwana wa..." na hapo penye jina akanyamaza. Bangwe ikapita juu ya lile pengo. Akaendelea: "We fundi wa..." akanyamaza tena.

Hakuna aliyeitika. Nani angeitika? Watu wa mjini walilipa kuja kutazama, nao walitazama, mikono mapajani, kwa adabu zao zote. Kilio kilitoka kinywani mwa Arlène kikaanguka sakafuni, na hakuna aliyekiokota. Kilikuwa kikavu kama siku za kwanza, na aliona uchungu wa kweli, kwa kuwa aliyekuwa amelala pale chini ya kitenge alikuwa Asani wake, na leo amemkana.

Akafika pengo la tatu. Ndipo aliposikia mkoba ukianguka.

Mama Asani alikuwa amesimama. Alipanda zile ngazi za mbao, moja, halafu nyingine, akishika goti. Noël, ambaye alipaswa kuingia wakati huo kuinyakua maiti, aliona uso wa yule mama akabaki palepale pembeni, kofia mkononi. Arlène alirudi nyuma kidogo. Alidhani mzee anakuja kumpiga mbele za watu.

Mzee hakumtazama. Alivua kilemba, nywele zake nyeupe zikaonekana na ukumbi mzima, yeye ambaye hata nyumbani hafunui kichwa. Akaketi chini, akanyoosha miguu mbele kama wanavyokaa wenye msiba, akakivuta kile kichwa cha gunia na kukilaza mapajani. Kisha akafungua kinywa.

"Huyu iko na jina," akasema, si kwa kuimba. "Nani anazika mutu bila jina?" Na hapo sauti ikapanda, sauti ambayo Arlène hakujua kwamba imo ndani ya mwili ule. "Asani. Asani wa Lubunga. Mi njo nilikuzaa, mu mvua, mama yangu akinishika mugongo. Asani, ulisema unarudi sasa hivi."

Arlène aliitika. Hakufikiri, ukitajwa msiba unaitika. Alitambaa akakaa ubavuni mwa mama mkwe wake, akanyoosha miguu, na wakalia wawili, mmoja akitaja, mwenzake akipokea. Walitaja cherehani, na sare za kwaya, na mwendo wake, na jinsi alivyopenda dagaa wa kukaanga kavu. Mpiga bangwe hakuacha. Wale wengine waliweka ala zao chini.

Walipokwisha watu wakapiga makofi. Wakasimama na kupiga makofi, wengine wakifuta machozi, kwa maana walidhani vyote ni vya mchezo. Mama Asani aliinua uso akawatazama, na Arlène alitamani ardhi ipasuke. Akamwinua haraka, akamtoa. Mzee hakukubali kuiachia ile maiti. Aliingia nayo nyuma, imemlalia mkononi, miguu ya gunia ikiburuta.

Kilikuwa chumba cha viti vibovu vilivyopangwa hadi darini. Mama Asani aliketi kwenye kimoja kizima. Makofi yalikuwa bado yanasikika. Tiyamike alichungulia, huenda alitaka waje wainame mbele ya watu, akawaona, akafunga mlango.

"Nilikuya nisikie jina yake mu kinywa yako," Mama Asani akasema polepole. "Nisikie, nikufukuze. Nilimwambia Béatrice leo alale na Fidès kwake, asione mama yake akitoka na vitu."

Arlène aligeukia mlango, lakini mzee hakuwa amemaliza.

"Jina sikusikia. Nilikaa, nilingoja, sikusikia. Niliona tu mutu amelala chini, hana jina, hana bantu wa ukoo, na we unalia peke yako kama mbwa. Ile njo ilinishinda." Alikuwa anaipapasa ile maiti begani, kwenye mshono. "Sasa ni mi nilimutaja. We kinywa yako iko safi. Kama mutoto wangu iko muzima fasi fulani, ni mi mama yake njo nimemuua leo."

Hebu fikiri. Kila alichokuwa anakihofia Arlène kilikuwa kimekwisha. Angenyamaza tu. Mdomo wake uko safi, mzee mwenyewe amesema. Fidès ni wake, nyumba ni yake, na kuanzia leo hakuna wa ukoo ule ambaye angeweza kumnyooshea kidole. Noël ni mzaha mtupu lakini si msengenyaji, na Tiyamike hana Kiswahili cha kumweleza mzee. Nani angemlaumu? Mimi nisingemlaumu.

Alitazama yale mabega ya mzee yakiwa yameshuka, na hakuweza.

"Mama," akasema, "si we wa kwanza. Mi njo nilimutaja. Leo tu nilimuficha, juu nilikuogopa. Siku zile zote za mazoezi nilikuwa namulilia na jina yake, na jina ya baba yake, na cherehani yake. Kama kuko mwenye alimuua na kinywa, ni mi."

Aliyasema akiwa amesimama, maana alifikiri kwamba akikaa hatainuka. Nje makofi yalikuwa yamekwisha na viti vilikuwa vinasogezwa.

"Siku zote zile," mzee akauliza, "nani alikuitika?"

"Hakuna mutu, Mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Kwa mara ya kwanza siku ile machozi yalimtoka Mama Asani bila sauti. Mukamwana wangu, alisema, na ilikuwa kama anamweleza mtu mwingine aliyekuwemo chumbani, mukamwana wangu alilia bwana yake peke yake, kati ya bantu wa nje, na mi nilikuwa nyumbani naota jua. Alirudia mara mbili. Kisha akailaza ile maiti kwenye kiti cha pembeni, vizuri, akaifunika uso.

"Kuya hapa," akasema. "Vua kitambaa."

Arlène alivua, akapiga magoti mbele yake. Kwao mjane anayefukuzwa huondoka na nywele zake kichwani. Anayebaki ni wa nyumba, na ni mama mkwe anayemnyoa, kwa mkono wake, asubuhi ya kwanza ya matanga. Na kabla ya wembe, misuko lazima ifumuliwe.

Vidole vya mzee vilitafuta ncha ya msuko wa kwanza, juu ya sikio, vikaanza kuufumua.